Duka la pembejeo Nkuhungu: nilitaka sindano, wakaniuliza wanyama wanakula nini

Pale dukani kuna kiti kimoja cha plastiki cha bluu, na mama mwenye duka hakuuzii dawa ya mnyama mgonjwa mpaka ukikalie. Mara ya kwanza niliona ananichelewesha tu. Nilikua nimetoka Nala na bodaboda, jua la mwezi wa kumi na moja la Dodoma mnalijua, mi nataka sindano ya ukurutu niondoke, mama ananiambia kaa kwanza mwanangu, hao mbuzi wako wanakula nini.

Hilo swali hamna mtu alikua ameniuliza. Nilishapita duka lingine la mjini mara 2, mara ya kwanza wakanipa sindano ya ukurutu, mara ya pili wakaniongezea sindano ya vitamini na jiwe la chumvi la kulamba, nikalipa, mbuzi wakazidi kunyonyoka. Hakuna aliyeuliza chakula, hakuna aliyeuliza hata kama wanajikuna. Na kweli walikua hawajikuni! Hilo ndo lilimfanya mama akakataa kuniuzia. Akasema ukurutu unawasha, mbuzi mwenye ukurutu unamkuta anajisugua kwenye nguzo mchana na usiku, wa kwako manyoya yanatoka tu ukiyashika, huyo sio ukurutu, hela yako weka mfukoni nimpigie dokta.

Kwa wasiolijua ni duka la pembejeo za mifugo upande wa Nkuhungu, bango lake jua limelamba maandishi yote limebaki jeupe, nje kuna magunia ya mashudu ya alizeti na marobota ya nyasi kavu. Mwenye duka ni mama mtu mzima, na kuna dokta kijana wa mifugo anakuwepo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wanauza dawa, vyakula, mbegu za malisho, na wana huduma ya dokta kuja nyumbani kukagua banda na malisho. Mi ni mfugaji mdogo, mbuzi wa maziwa 7 machotara wa Saanen, na nguruwe 13, walikua 15, nitafika huko. Nimewatumia kwa miezi 9 sasa. Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja iliyopungua nayo nitaisema.

Sasa turudi kwa mbuzi. Dokta alipofika pale dukani alinikuta bado nimekaa kwenye kiti, akaniuliza taratibu, dada tuanze na asubuhi, ukiamka unawapa nini. Nikamwambia lusina, majani ya ule mti wa malisho. Mchana? Lusina. Jioni lusina na pumba kidogo. Tangu lini? Tangu mwezi wa nane nyasi zilipoisha kabisa. Akaweka kalamu chini.

Nieleze kwa nini nilikua nawapa lusina tupu, maana najua wengi mnafanya hivyo hivyo. Kiangazi cha huku kikishika kuanzia mwezi wa sita hivi hamna kitu cha kijani, nyasi zimekua rangi ya mchanga, mabua yameisha, ila lusina mizizi yake inaenda chini sana kwahiyo yenyewe inabaki na majani mpaka mvua ya Desemba. Nina mistari 3 ya lusina kwenye mpaka wa shamba, mtoto wa kaka yangu ndo anakata kila asubuhi, na mbuzi wanaipenda kuliko kitu chochote. Na tulifundishwa kabisa kwamba ni chakula kizuri, protini yake inapita asilimia 20 ya jani kavu. Yote hayo ni kweli. Kumbe kuna upande wa pili sikuwahi kuambiwa.

Dokta alivyonielezea ni hivi, nitajitahidi kusema alivyosema. Kwenye jani la lusina, hasa yale machipukizi machanga ya juu, kuna kitu kinaitwa mimosini. Chenyewe kinasimamisha manyoya yasiote, ndo maana mbuzi ananyonyoka bila kuwashwa. Ila kubwa zaidi linatokea tumboni, kwenye lile tumbo kubwa la kucheulia vijidudu vinaivunja mimosini inakua kitu kingine, na hicho kingine kikiingia kwenye damu kinaenda mpaka kwenye tezi ya shingo kinaizuia isitengeneze homoni yake, ile inaitwa thairoksini. Homoni hiyo ndo inaendesha joto la mwili, ukuaji, maziwa, mimba, manyoya, karibu kila kitu. Sasa ubongo ukiona homoni imepungua unaisukuma tezi ifanye kazi zaidi, inasukumwa inasukumwa, haiwezi kutoa, inaishia kuvimba. Hilo ndo rovu.

Akaniuliza kuna aliyezaa karibuni. Hapo ndo nilinyamaza. Wiki iliyopita yake Sikitu, yule mbuzi wangu mkubwa, alizaa kitoto kimoja, kimezaliwa na manyoya machache kama kimetoka kabla ya wakati, hakiwezi kusimama kunyonya, na chini ya koo kina kitu kama ndimu kinateleza ukikishika. Nilikikamulia maziwa nikakinywesha kwa chupa, siku ya pili asubuhi nikakikuta kimekufa. Mi nilidhani ni jipu. Nilipomwambia dokta akasema dada hiyo sio jipu, hiyo ni tezi, mama yake alikula lusina sehemu kubwa ya mimba na mtoto aliipata humo humo ndani.

Kwa kweli nililia pale kwenye kiti. Mama hakuniambia pole nyingi, akaniletea maji.

Alafu nikauliza lile swali ambalo kila mtu angeuliza, basi nipe madini joto, si ndo dawa ya rovu, hata chumvi ya nyumbani inawekwa hayo hayo. Na jiwe la kulamba lenye madini joto lipo pale kwenye kabati nimeliona kwa macho yangu, wangeweza kuniuzia. Dokta akasema hapana. Kuna rovu linaloletwa na mihogo mingi au kabichi nyingi, hilo linatokea kwasababu sumu yake inagombania nafasi na madini joto, ukiongeza madini linapungua. Hili la lusina ni tofauti, madini yanafika kwenye tezi vizuri tu ila kile kitu cha lusina kimeshaharibu kazi ya kuyaunganisha yawe homoni, kwahiyo hata ukimpa ndoo nzima anayakojoa. Dawa ni kupunguza lusina, basi. Hiyo dawa hawakuniuzia maana haiuzwi.

Walichoniuzia wao siku hiyo ni marobota 4 ya nyasi kavu ya cenchrus, ile nyasi ya asili ya huku kwetu inayostahimili ukame. Utaratibu alioniandikia dokta: wiki 2 za kwanza lusina isiguswe kabisa, wape nyasi kavu, majani ya karanga na mashudu kiasi. Baada ya hapo lusina irudi lakini isipite asilimia 30 ya chakula cha siku, na kwa usalama nianzie chini ya hapo. Mtoto wa kaka akaniuliza shangazi asilimia tunapimaje, tukakubaliana mizigo 3 ya nyasi kwa mzigo 1 wa lusina, kamba ile ile ya kufungia ndo kipimo. Mwisho wa mwezi wa kwanza manyoya yalishaanza kurudi mgongoni, kwanza laini kama ya kitoto alafu yakakaza. Mate waliyokua wanadondosha yakakata. Maziwa ya Sikitu yalikua yameisha kabisa hayakurudi mpaka mimba nyingine, hilo nilipoteza.

Kuna stori moja dokta alinipa ambayo nimeihadithia kwa kila mfugaji niliyekutana naye. Kule Australia walipanda lusina nyingi kwa ajili ya ng'ombe, ng'ombe wakawa wanapata haya haya, manyoya na rovu. Alafu mtafiti mmoja wao, Raymond Jones, akaona kwamba kule visiwa vya Hawaii mbuzi wanakula lusina kutwa nzima na hawapati kitu. Mbona? Kumbe mbuzi wa Hawaii tumboni wana bakteria mwingine anayekula ile sumu mpaka inaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakachukua maji ya tumbo kutoka Hawaii wakayaingiza kwenye matumbo ya wanyama wa Australia, na ikafanya kazi, mnyama mmoja akiwa nao anawaambukiza wenzake wanaolisha pamoja. Baadaye yule bakteria akapewa jina la huyo Jones. Yaani ugonjwa wa homoni unatibiwa kwa matapishi ya mbuzi wa kisiwa kingine! Mungu ana mambo.

Nguruwe ni tofauti, hawacheui, kwahiyo dokta aliniambia hao lusina afadhali nisiwape, na kweli kabla ya hapo nilikua nawatupia masalia.

Huduma ya kuja nyumbani nayo niieleze maana ndo watu huwa wanauliza inafaa au ni ulaji tu. Nililipa 25,000 na nauli ya boda juu yake. Alikaa karibu masaa 3. Hakuanzia bandani, alianzia kwenye ua, akazunguka shamba lote na mtoto wa kaka nyuma yake wakiwa na kiroba. Minyaa ya mpakani akasema iacheni ila kata matawi yanayoingilia ndani, utomvu wake unaunguza mdomo na ukiingia jichoni mnyama anaweza kupofuka. Mnanaha uliokua umeota kwenye lundo la samadi wakang'oa wote na mbegu zake. Nyonyo 2 zilizokua nyuma ya choo, mbegu zake chache tu zinatosha kumaliza mnyama, tukakata. Alafu akasimama muda mrefu kwenye mtama wa jirani.

Huo mtama ndo mtu yeyote wa Dodoma mwenye mnyama ausikie vizuri. Mtama ukiwa mdogo, haujafika magotini, au ule unaochipua upya kwenye visiki baada ya kuvuna, una sumu ya sianidi, na ukikauka kidogo kwa jua kama kwenye kile kiangazi cha katikati ya mwezi wa pili mvua inapokata ndo inazidi. Ng'ombe akiingia na njaa anakula dakika chache unamkuta chini, anahema haraka, damu nyekundu sana. Wazee huwa wanasema kalogwa. Tiba ipo, ni sindano ya kwenye mshipa, lakini mpaka dokta afike mara nyingi mnyama ameshaondoka. Jirani yangu tulimuita pale pale akaja, shikamoo zikaisha akaambiwa, na msimu huu ameweka uzio wa miiba.

Sasa nguruwe. Hapa nitakua mrefu, mnisamehe.

Mwezi wa tatu mvua bado zipo, nikapata pumba ya mahindi kwa mtu mmoja wa mashine, gunia 3,000 chini ya bei ya dukani, nikachukua magunia 6 kwa mpigo. Mwezi wa nne katikati mtoto wa kaka akaniita, shangazi njoo uone, nguruwe wote wapo joto. Nikaenda. Vitoto vya kike 5 vya miezi mitatu na kitu, vyote nyuma pamevimba pekundu, kama nguruwe jike mkubwa aliye tayari kupandwa. Madume niliyoyahasi nayo chuchu zimetokeza. Na majike 2 makubwa niliyowapandisha mwezi wa pili hawakurudi joto, nikajua wana mimba, ila matumbo hayakui. Mi nikawaza labda wale wadogo ni mbegu nzuri wanawahi, na wale wakubwa wanahitaji kusukumwa kidogo. Nikaenda kwa mama kununua ile sindano ya homoni ya kuleta joto, wafugaji wengi wanaijua.

Nikakaa kwenye kiti. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, wana miezi mingapi hao? Nikasema mitatu na nusu. Akasema mwanangu, nguruwe wa miezi mitatu na nusu ni mtoto, haji joto, joto lake ni miezi sita huko na kuendelea. Unataka nikuuzie homoni umchome mnyama ambaye anakunywa homoni kwenye ndoo kila siku? Kaniletee hiyo pumba.

Siku hiyo hiyo nikarudi nayo kwenye mfuko wa rambo. Akaimwaga kiganjani, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Ilikua na vidonge vidonge vimeshikana, ukivivunja ndani kuna rangi kama ya waridi kwa mbali, na harufu ya nguo zilizolala mbichi. Mi hiyo pumba nilikua nailisha mwezi mzima kwa mikono yangu na sikuwahi kuinusa.

Dokta akasema kuna kuvu wa mahindi anaitwa fusariamu, anapenda ubaridi na unyevu, anaingia kwenye hindi likiwa shambani au likihifadhiwa halijakauka, na mahindi mengine yanayofika Dodoma yanatoka nyanda za juu kwenye baridi na mvua. Huyo kuvu anatoa sumu inaitwa zearalenoni. Haiui kama nyingine. Kazi yake ni kujifanya estrojeni, ile homoni ya kike, mwili wa mnyama unaipokea ukidhani ni ya kwake. Nguruwe ndo anaathirika kuliko mifugo yote, na wadogo wa kike kuliko wakubwa. Kwao inavimbisha sehemu za siri na chuchu. Kwa jike mkubwa inafanya mwili uamini una mimba wakati hana, kwahiyo harudi joto, unangoja miezi unalisha bure. Na kwenye kukoboa, sumu inabaki zaidi kwenye ganda na kiini, yaani kwenye pumba, unga mweupe tunakula sisi mnyama anapata kilichokusanya. Ukiipika haitoki. Wazungu wa Umoja wa Ulaya wameweka kiwango cha chakula cha nguruwe wadogo kisipite miligramu 0.1 kwa kilo, ujue ni kidogo kiasi gani, huwezi kukiona kwa macho.

Nikamuuliza na madume je, yamehasiwa, chuchu za nini. Akanipa mfano wa kondoo wa Australia Magharibi, miaka ya 1940, walilishwa jani moja aina ya klova, jani lenyewe halina kuvu wala nini, lenyewe tu kwa asili lina kitu ambacho tumboni mwa kondoo kinageuka kuwa kama estrojeni. Kondoo majike wakaacha kushika mimba maelfu kwa maelfu, na madume yaliyohasiwa yakaanza kutoa maziwa. Walihangaika kutafuta ugonjwa wakati ugonjwa uko kwenye malisho mazuri ya kijani. Akasema hata ile alfalfa tunayoisifia ikishambuliwa na wadudu au ukungu inaongeza kitu cha namna hiyo kujilinda, kwahiyo mnyama wa kupandisha usimpe iliyougua. Na mtama pia, ukiona suke linadondosha ute mtamu unanata kama asali, huyo ni kuvu mwingine, anashusha homoni ya maziwa inayoitwa prolaktini, nguruwe anazaa vizuri alafu chuchu kavu, watoto wanakufa njaa mama yao amelala hapo.

Pumba yote tulifukia, magunia 4 na nusu yaliyobaki. Niliumia ile hela lakini mama aliniambia hata kuku usiwape maana penye kuvu mmoja na wenzake wapo, na mkoa wetu huu tunakumbuka mwaka 2016 watu walivyopoteza maisha kwa sumukuvu, Dodoma na Manyara, sio stori ya mbali. Uvimbe ulianza kushuka wiki ya pili, wiki ya tatu vitoto 4 walikua kawaida. Wa tano hakufika. Alikua anajikamua muda wote kama anataka kwenda haja, siku ya tatu njia ya haja kubwa ikatoka nje, dokta akaja usiku akairudisha na kushona, ikatoka tena, na wenzake walishaing'ata. Huyo ndo wa 15.

Majike wakubwa mmoja alirudi joto mwezi wa sita, amepandwa na sa hivi ana mimba ya kweli. Mwingine nimemuuza.

Kuna kitu kingine kilichonifanya niwaamini. Pale dukani wanauza unga wa kufunga sumu, wa udongo, unachanganya kwenye chakula. Nikasema basi nipe huo niendelee na pumba ya bei rahisi. Mama akasema huu unga unakamata vizuri sumukuvu ya aflatoksini, hii ya kuvimbisha nguruwe wako haukamati vizuri, usinunue ukajua umepona. Bidhaa yake mwenyewe, ipo kwenye rafu yake, na anakwambia hivyo!

Sasa mapungufu, maana nimesema nyota 4.

Wanafungua saa 3 asubuhi na wakati mwingine saa 3 na nusu, kwa mfugaji hiyo ni mchana. Jumapili hawapo kabisa. Simu ya duka ikilia mama akiwa na mteja hapokei, na hapigi akikuta umepiga, nimeshafanya safari 2 za bure kutoka Nala kwa ajili ya hilo. Dokta akiwa hayupo mama anajua mengi lakini dawa za kuandikiwa hatoi, anakwambia rudi Jumatano, naelewa kwa nini ila mgonjwa hasubiri Jumatano. Risiti uombe, na uombe tena. Marobota ya cenchrus mengine ni mepesi kuliko mengine kwa bei ile ile, waweke mzani nje, hilo nimemwambia mama mwenyewe uso kwa uso akasema atafanya, bado. Mashudu yao ni ghali kidogo kuliko ukinunua kwa wakamuaji wenyewe, ila ni makavu. Ule unga wa kufunga sumu wanauza mfuko mkubwa tu, hawapimi kilo moja moja, mfugaji wa nguruwe 3 atafanyia nini mfuko mzima.

Kingine, hawana maabara. Ile pumba yangu haikupimwa, dokta alisema wazi kwamba anaamua kwa dalili na kwa jinsi wanyama watakavyopona tukiiondoa, na kama nataka uhakika wa karatasi niweke sampuli kwenye mfuko wa kaki sehemu kavu tuipeleke maabara. Gharama ikanishinda. Kama una nguruwe 100 usifanye kama mimi, peleka.

Na dokta anaongea haraka, mwambie arudie, hakasiriki.

Sikitu alizaa tena mwezi wa nane, mapacha, jike na dume. Nilikua nimemuondolea lusina yote kwenye miezi ya mwisho ya mimba, nikajibana kununua nyasi kavu. Walisimama wenyewe kabla sijamaliza kufuta mikono. Kila asubuhi nawapapasa koo, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, hamna kitu, ngozi tu na mapigo.

Kuona pumba mama halipishi. Unapeleka kiganja kimoja kwenye mfuko kabla hujanunua gunia, popote unaponunua, hata kama sio kwake, anaimwaga mkononi pale mlangoni anakwambia chukua au acha. Kesho Ijumaa napeleka ya magunia 3 niliyowekewa oda Kibaigwa, sijalipia bado.